Hodi Chini ya Ngazi

Saa kumi alasiri, na Dundee imeshazima mbingu yake.
Novemba ya huku haimbembelezi mtu.
Naingia kwenye kiwanda kidogo cha chapa, mtaa wa Hawkhill,
kebo ya bluu shingoni kama tasbihi,
na kabla sijavua koti
Senga ananishtakia Ruaridh,
Ruaridh ananishtakia Senga.

"Mashine yake imeila folda," anasema Senga,
wa hesabu, wa Windows, wa chai isiyokwisha.
"Yake ndiyo iliyofunga mlango," anajibu Ruaridh,
msanifu, wa Mac nyeupe isiyo na alama ya kidole.
Seva haimtetei yeyote.
Imo kabatini chini ya ngazi, kati ya ndoo na ufagio,
Linux aliyoiacha Wattie siku alipostaafu.

Na ndani yake kuna kijitabu cha mazishi:
Bi Nan Petrie wa Lochee, nakala themanini,
kesho saa nne asubuhi.

Kazi hii ni ya kupiga hodi.
Hodi ya kwanza, waya: taa ya kijani inapepesa. Yu hai.
Ya pili, kwa jina lake: kimya.
Ya tatu, kwa namba yake: anaitika!
Anaitika, lakini hafungui,
na sauti, nikisikiliza vizuri, si yake.

"Nani kagusa nini?"
Hakuna aliyegusa. Huwa hakuna.
Kisha Senga, akikoroga kikombe: labda yule kijana wa simu,
Jumanne, aliyeleta ruta mpya
akaondoka na ya zamani kwapani.

Basi. Ruta mpya imegawa anwani upya
kama karani mgeni asiyejua ukoo wa mtu.
Seva ilikuwa kumi, leo ni arobaini na saba.
Kumi kapewa printa ndogo ya risiti,
na siku tatu nzima Mac ya Ruaridh
imekuwa ikimwomba printa picha za marehemu.

Naifunga namba isihame tena. Ruaridh anafunguliwa,
anamtazama Senga kama aliyeshinda kesi.
Senga bado yuko nje.
Na mashine kubwa ya kuchapa haimsikilizi mwingine ila yeye.

Ningeweza kuvusha faili kwa flashi, nikaenda zangu.
Nikakaa. Nikasoma kumbukumbu za makosa, mstari kwa mstari,
hadi chai aliyonipa ikafanya utando.

Wattie alikuwa mtu wa mlango wazi.
Anayekuja aingie kama mgeni, bila jina, bila nywila:
mgeni njoo, mwenyeji apone.
Windows ilisasishwa usiku wa kuamkia Jumatano
ikaamka na kiapo: haitii mguu
katika nyumba isiyomuuliza mtu yeye ni nani.
Kumbe mlango haukufungwa.
Mgeni ndiye aliyekataa kuingia.

Mimi, niliyeulizwa mimi ni nani
kwenye kila dirisha la nchi hii, vidole vyote kumi juu ya kioo,
nilicheka peke yangu mle kabatini
mpaka ufagio ukaniangukia.

Magonjwa mawili, homa moja.
Namfungulia Senga jina lake kwenye seva.
Anaziba kibodi kwa mkono kama anayeficha karata,
anabonyeza, anakosea, anabonyeza tena,
na folda inajitokeza taratibu, kisha picha:
Bi Petrie ufukweni Broughty Ferry,
kofia ya kuogelea, mdomo wazi kwa kicheko au kwa baridi.
Hakuna aliyesema neno.
Ruaridh akaenda kupakia karatasi.

Ubavuni mwa seva kuna utepe wenye mwandiko wa Wattie:
"Kumi. Usiguse."
Nimeandika chini yake arobaini na saba, na tarehe.
Ya kwake sikuifuta.